Ndoo Isiyomwagwa

Farasi jike aliyebakiza miezi mitatu kuzaa hana kazi na maziwa. Mama Hatamu alilijua hilo vizuri kuliko hata mwenye farasi, maana ndiye aliyewalisha, aliyewaogesha na kuwazalisha, na jina hilo la utani alipewa kwa kutembea na hatamu begani kama mwenzake abebavyo mkoba. Basi alipoona matone meupe chini ya yule wa madoa, mmoja wa majike wanne wenye mimba, alicheka tu. "Wee! Haraka ya nini, mwenzangu? Wa kunyonya yuko wapi?"

Utani ule aliujutia. Siku ya tatu yule wa madoa alitupa mimba. Kitoto kilikuwa na kila kitu, mpaka kope, na kondo lake la nyuma lilinuka kiasi kwamba Mama Hatamu, ambaye pua yake imezoea kila uchafu, alitoka nje akatapika.

Kilichomtia hofu hasa si farasi. Binti yake wa pekee alikaa chumba kilichopakana na banda, akiwa na mimba ya miezi saba, baada ya kupoteza mbili. "Farasi ni wa tajiri," alimnong'oneza fundi wa matandiko, ambaye pamoja na kushona ngozi aliagua watu. "Lile tumbo ni langu."

Fundi alinusa hewa ya banda, akasita. "Ni jini jike. Kafiwa na mwana, sasa hawezi kuona tumbo lililojaa." Akaisomea ndoo ya maji, akampa na sponji moja. "Kila adhuhuri waoshe wote wenye mimba, chini ya mkia. Na maji haya hayamwagwi! Yakipungua, ongeza juu yake."

Mtu mwenye hofu hafanyi nusu nusu. Mama Hatamu alianza na yule wa madoa aliyekuwa bado anachuruzika, akachovya sponji, akaenda kwa mweusi, akachovya, akaenda kwa mwekundu, akamalizia na wa kijivu. Wiki ya pili mweusi akatoa maziwa, akatupa. Mwekundu akafuata. Kila alipotupa mmoja, yeye alizidi kuwaosha waliobaki.

Siku aliyotupa mwekundu, jua likiwa utosini na wafanyakazi wengine wamejilaza, Mama Hatamu alikuwa ameinama kwenye ndoo aliposikia kwato, si kwato za farasi mzima bali ndogo, laini, za kitu ambacho hakijawahi kukanyaga ardhi, zikitoka kwenye kichumba kitupu alimokuwa yule wa madoa, zikapita nyuma ya mgongo wake karibu kabisa mpaka akahisi pumzi ya moto kwenye kisigino, na ile harufu ya kondo ikamjaa mdomoni, naye hakuthubutu kugeuka, akabaki anatazama maji, na ndani ya maji, pembeni ya uso wake mwenyewe, uso mrefu wa mwanamke ukanyoosha shingo, ukanywa.

Sasa jini atamfuata binti yangu, aliwaza, akapiga moyo konde. Alichota bakuli kutoka ndoo ileile, akachukua sponji ileile, akaingia chumbani.

"Mama, maji gani haya? Yananuka."

"Yamesomewa. Vua, mwanangu, nikuoshe. Usibishe."

Akamwosha tumbo, akamwosha na chini.

Daktari wa mifugo, ambaye tajiri alimwita mwekundu alipotupa na akachukua sampuli za farasi na za maji, alikuja na majibu baada ya siku nne. "Ni bakteria, Mama. Wanaingia kwa nyuma, wanapanda kwenye kizazi, wanaozesha kondo. Nimewakuta kwa farasi wote watatu. Na kwenye ndoo yako."

"Lakini yamesomewa!"

"Bakteria hawana masikio. Umewatoa kwa mgonjwa ukawapelekea wazima, kwa mkono wako." Akamdunga wa kijivu sindano. "Kuna mwingine aliyeoshwa kwa maji haya?"

Mama Hatamu alitazama mikono yake. Aseme nini, kwamba amemwosha binti yake kama farasi?

"Hakuna," alisema.

Fundi naye aliitwa, akaja kichwa chini. Akamwaga ndoo shimoni, akachoma sponji, akaanza kusoma. Katikati ya kisomo sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba, ya kike. "Msinisingizie. Mimi sikuingia kwa miguu yangu. Nilibebwa." Kisha akaanguka, akaamka akitokwa jasho.

"Ametoka?" Mama Hatamu aliuliza kwa mnong'ono.

"Humu bandani ametoka."

Wa kijivu alikuwa anakula, chuchu kavu kabisa. Daktari akamfurahia mgonjwa wake, akawasha gari. Mama Hatamu alishukuru mpaka akalia, akakimbilia chumbani kutoa habari njema.

Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono kifuani, gauni limelowa. Sakafuni palikuwa na matone meupe.

"Mama, usinicheke," alisema taratibu. "Yanatoka tangu asubuhi. Na tumbo linauma. Halafu hiyo harufu, Mama, ni mimi?"

Mama Hatamu alitoka mbio, miguu mitupu, kanga imemdondoka uani. "Daktari! Kuna mwingine! Nimekudanganya, daktari, kuna mwingine!" Vumbi la gari lilikuwa limeshatua barabarani. Nyuma yake kwato ndogo zilikatiza ua bila haraka, zikasimama kizingitini, kisha zikaingia chumbani.