Bangili ya Mama Apolline

Ngongo Selemani alikuwa na mdomo, na ndio uliokuja kumponza. Lakini siku ile ya soko, Agosti 1963, nani angejua? Mji wote wa Uvira ulikuwa sokoni. Ndagala, wale dagaa wa ziwa, zilinuka mpaka posta, wanawake wa Sange walikuwa wamemwaga mchele juu ya mikeka, na Ngongo amekaa kwenye baraza la duka la shangazi yake Sharifa, shati jeupe limepigwa pasi, nyundo ndogo mkononi. Alikuwa fundi wa fedha kama baba yake. Tangu Wabelgiji walipoanza kufunga mizigo na kuuza vyombo vyao, alikuwa pia akinunua vijiko na sahani zao na kusoma alama zilizogongwa nyuma. Kwa kazi hiyo alijisifu sana, na si kidogo.

Kivuli cha mwanamke kikaanguka juu ya meza.

"Fundi, hii kijiko ni feza ya kweli ao unadanganya bantu?"

Ngongo akainua kichwa. Gauni la kijani limemshika kiunoni, viatu vya kisigino, nywele zimechanwa juu kama taji. Lakini kilichomshtua ni sauti. Kila aliyewahi kushika simu Uvira aliijua: ndiyo iliyounganisha simu, au kusema laini ina watu.

"Weye ndiye ule wa posta! 'Alo, ngojea kidogo, laini iko okipe.'"

Binti akacheka mpaka akashika meza. "Na weye ndiye ule anapigaka Usumbura kila wiki na kulalamika. Naitwa Honorine. Jibu swali."

"Leta kidole."

"Kidole cha nini?"

"Cha kusoma."

Akageuza kijiko. Nyuma ya mpini kulikuwa na alama nne ndogo kama chembe za mchele. "Hii nanga ni muji wenye walipimia. Huyu simba anatembea, maana yake feza safi. Hizi herufi mbili ni jina la fundi. Na hii moja, peke yake ndani ya ngao, ni mwaka."

"Herufi moja inasema mwaka?"

"Wangereza wanabadilishaka kila mwaka. Zikiisha, wanarudilia mwanzo, lakini wanabadilisha sura ya ngao."

"Utachanganya siku moja."

"Minye, fundi? Kidole hakidanganyikake. Pitisha hapa. Inakwaruza?"

"Inakwaruza."

"Hii ni mupya. Sasa pitisha kwa hii ingine."

"Inateleza."

"Mikono ya bantu inakula alama pole pole. Yenye imefutika imezeeka. Hata kipofu anajua."

Honorine hakuondoa kidole haraka, na Ngongo hakumhimiza. "Na minye," akauliza, jicho limejaa utundu, "utaweza kusoma mwaka wangu?"

"Nikupindue kwanza, nitafute alama."

"Ee! Muntu hana haya!"

Ndani ya duka, Sharifa akakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kitu.

Basi, mapenzi yakaanza, na yakapitia waya. Adhuhuri, laini zikitulia, simu ya duka ililia.

"Alo, fundi wangu."

"Alo, sheri. Nani anatusikiliza?"

"Minye ndiye nasikilizaka bantu. Nani atanisikiliza minye?"

"Uko umenishika kwa sikio gani?"

"Uko kwa sikio la kuume. La kushoto ni la kazi, la kuume ni lako."

Ngongo alikuwa akirudi mezani akitabasamu peke yake. Alikuwa Mwislamu na Honorine binti wa katekista, lakini baba wa binti, mzee Mathieu, baada ya kununa juma zima, alisema kijana aje na watu wake mwezi wa tatu, mambo ya Mungu yataongelewa wakishakula. Kwa desturi ya nyumba yao, siku wageni wa mume wanapokuja binti huvaa bangili ya mama yake. Mama Apolline alikwisha kufa, ila bangili yake ilikuwepo sandukuni. Alipewa enzi za usichana wake, alipokuwa akilea watoto wa daktari Mwingereza huko Kigoma. Ilikuwa na bonde dogo ubavuni, imebonyea. Honorine akaileta kwa fundi wake ainyooshe.

Ngongo aliipindua kwa mazoea tu. Nanga, simba, herufi N. Akafungua kijitabu cha alama alichoachiwa na baba yake. Mchwa walikuwa wamekula kurasa za mbele zote, zilibaki za kuanzia 1950. N ilikuwa 1962. Ngao yenyewe haikuonekana, ilikwisha kufutika. Hakujiuliza imefutwa na nini, mpumbavu yule. Alichokumbuka ni maneno ya sokoni, kwamba Félicien, kijana wa duwane, ushuru wa forodha, mwenye suti ya kahawia, anamletea binti wa posta zawadi kutoka Usumbura.

"Mama yako alikufa mwaka gani?"

"Makumi tano na sita. Juu ya nini unauliza?"

"Hii bangili ilitengenezwa makumi sita na mbili."

"Unacheza na minye."

"Feza haichezake. Ni Félicien alikupatia?"

Honorine alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji machafu. "Félicien aliniletea sabuni mara moja, na nililipa. Hii ni ya mama. Pitisha kidole, Ngongo."

"Sihitaji kidole. Niko na kitabu."

"Weye mwenyewe ulinifundisha!"

"Nilikufundisha kusoma, sikukufundisha uongo."

Akamnyang'anya bangili, akaivaa na bonde lake. Wageni wa mwezi wa tatu hawakwenda. Ngongo alipiga simu mara nyingi, kwa wivu na kwa hamu, na kila mara alijibiwa kwa sauti ile ile, baridi: "Posta. Laini iko okipe." Usiku wa moyo wake aliujua mwenyewe, lakini kuomba radhi? Thubutu!

Mwezi wa tano 1964 waasi wa Simba wakaingia Uvira, majani kichwani, mikuki na bunduki mkononi. Félicien, mtu wa serikali, alikwisha kuvuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Walimtafuta, wakamkosa, wakatafuta wa kumlipia. Mtu mmoja akanong'ona kwamba binti wa posta ni mchumba wake na kwamba humpelekea habari kwa simu, na ushahidi ni ile bangili inayong'aa mkononi mwake.

Asubuhi wakamtoa Honorine nje ya posta, mikono imefungwa kwa waya, mbele ya watu wote. Kamanda Gaspard hakuwa mtu wa kelele. Akaagiza aitwe Ngongo, kwa sababu juma lililopita ndiye aliyemchagulia fedha ya kweli katika uma na visu vya Wazungu.

"Fundi," alisema, "huyu mwanamuke anasema bangili ni ya marehemu mama yake. Kama iko ya zamani, anarudi kazini saa hii. Kama iko ya juzi, ni ya Félicien, na yeye ni sikio la adui. Soma."

Honorine hakulia. "Ngongo," alisema taratibu, "pitisha kidole."

Ngongo akaishika bangili aliyovuliwa Honorine. Alijua vizuri kinachoulizwa. Neno moja lingemfungua yule mwanamke, na hata kama yeye aliliona ni uongo, lingemgharimu nini? Mpenzi angelisema. Adui mwenye huruma angelisema. Lakini miezi miwili ya "laini iko okipe" ilikuwa imemkaa kooni, na sasa watu wote walikuwa wanamngoja yeye, fundi, aongee. Ilimpendeza. Ndiyo, ilimpendeza.

"Makumi sita na mbili," alisema.

Kamanda akamgeukia Honorine. "Unasikiliza simu na sikio gani?"

Walianza na la kuume.

Kitako cha bunduki kilipopiga mara ya kwanza, Ngongo aliibana bangili bila kujua, na kidole gumba kikapita juu ya alama. Kikateleza. Ilikuwa laini kama sabuni iliyobaki kipande. Miaka miwili haifuti alama hivyo, inataka mkono wa mwanamke anayefua, anayelea, anayezeeka. N ya zamani, ya kurasa zilizoliwa: ukirudi nyuma herufi ishirini na tano unafika 1937. Akaelewa yote hapo hapo, bado wanampiga. Akafungua mdomo. Macho ya Kamanda yakamtazama, na ule mdomo uliojua kusema kila siku ukajifunga.

"Kaa nayo," Kamanda alimwambia. "Umefanya kazi vizuri."

Honorine akapelekwa Bwegera kuvuna mpunga wa wapiganaji, damu imekauka shingoni.

Waasi walipofukuzwa mjini, Ngongo alimtafuta. Alikwenda Sange, akaenda Bwegera, akaambiwa alikwisha kuvuka kwenda Burundi. Alikonda. Akanyoosha lile bonde la bangili kwa nyundo ndogo kuliko zote, akaifuta kila asubuhi. Kweli alimpenda, hilo tusimnyime. Alimpenda, na alinyamaza.

Siku moja ya soko, mwaka 1965, kivuli cha mwanamke kikaanguka juu ya meza. Gauni la kijani lile lile, sasa linapwaya. Kitambaa cheusi kimeshuka upande wa kuume.

"Honorine! Sheri wangu! Kaa, kaa hapa. Shangazi, lete maji!" Alikuwa analia waziwazi. "Niliongea na papa Mathieu. Nataka nikuoe. Hata kesho. Nitakutumikia mpaka nife."

Honorine aligeuza kichwa kidogo, akampa sikio la kushoto. "Uko na bangili?"

"Iko hapa. Niliinyoosha."

"Soma."

"Honorine..."

"Ulisoma mbele ya bantu. Soma tena mbele ya bantu."

"Makumi tatu na saba," alinong'ona.

"Sema na nguvu. Sikio lako lilikufa."

"Elfu moja mia tisa makumi tatu na saba!"

Wauza ndagala wakageuka. Sharifa akasimama mlangoni na kikombe cha maji.

"Ulijua lini?" Honorine aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatetemeka.

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema kitabu kingine, mwaka mwingine. Ile siku ambayo uongo ungemwokoa Honorine alisema alichoamini kuwa kweli, na leo tena akasema kweli, maskini, alidhani kwa hiyo atasamehewa.

"Siku ile."

"Na nguvu."

"Siku ile ile! Pale posta! Walipokuwa wanakupiga, kidole kiliteleza. Nilijua. Niliogopa."

Honorine alitikisa kichwa polepole. "Njia yote kutoka Usumbura nilijiambia, kama alijua nyuma, mambo yakishapita, nitamusamehe. Muntu anakosaka. Nilikuwa naomba Mungu useme ulijua nyuma."

Akachukua bangili, akaivaa. Ilimkaa vizuri, bonde halikuwepo tena. Akamwamkia Sharifa kwa heshima, akakataa maji, akashika njia ya Kalundu katikati ya mikeka ya mchele.

Ngongo akaruka meza, vijiko vikamwagika. Alimfikia karibu kabisa, hatua tatu nyuma yake, akaita jina lake, akaita tena, akaita kwa nguvu zake zote. Lakini alikuwa upande wa kuume wa Honorine.