Kiganja Kwenye Kioo

Haya yalimpata rafiki yangu Muriel wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kwa visa vya kweli hanipiti mtu hapa Lancashire, Uingereza. Alikuwa akipeleka ndege mpya jeshini. Fundi Clegg, asiyewapenda marubani wanawake, akamwambia, "Bibie, hii si cherehani. Ukipotea, usiulize njia kondoo."

Muriel akashuku Clegg amelegeza kitu kwenye ndege.

Aliporuka na kuingia ndani ya wingu, giza tororo, kioo cha kushoto kikagongwa: ngo, ngo, ngo. Akakata kulia kwa woga, na mlima aliokuwa akiuelekea bila kuuona ukampita ubavuni.

Alipotua akamwambia fundi wa huko, "Kagua kushoto. Clegg anataka kuniua."

"Hakuna kilicholegea, dada," fundi akajibu, kisha akamwonyesha kioo cha kushoto.

Kiooni, upande wa nje, palikuwa na alama mbichi ya kiganja chenye mafuta, kidogo kama cha mwanamke.