Nywele za Kifuko cha Pini

Fundi cherehani aliamka kope moja imevimba, akamlaumu mbu. Kesho yake mwili mzima ulitoka vipele vya kuwasha na midomo ikafura. Jioni vyote vikatulia, kana kwamba si yeye aliyeshinda akijisugua ukutani kama mbuzi.

Daktari alimkataza mayai, samaki na karanga. Akaacha vyote, akabaki na uji mtupu, mumewe akimtania kwamba siku hizi wanakula kwa macho. Vipele havikujali. Vilimjia kila alipoketi kushona, pamoja na harufu ya nywele zinazoungua ilhali pasi imezimwa. Siku koo lilipoanza kubana aliogopa kweli, maana pumzi haitiwi kiraka.

Siku hiyo wifi yake, msusi wa chumba cha pili, alikuja kumwona, akamtazama usoni, akasita.

"Wifi, sura hii naijua," alinong'ona. "Ni ya mteja wangu mmoja aliyekataa kujitazama kwenye kioo. Alirudi kudai nywele nilizompunguza, nikamwambia nimezitupa."

Hakuzitupa. Alimpa fundi azijaze kwenye kifuko cha pini anachovaa mkononi, kwa kuwa nywele huzuia pini zisishike kutu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mganga waliyemwita alifika mchana, akakifunika kioo, akakitazama kifuko bila kukigusa. Akasema yule mteja hakuwa binadamu. "Anakujaribisha sura yake, mwanangu, kama unavyomjaribisha mtu gauni. Anabana hapa, anaachia pale."

Fundi akashika mkasi, na mle ndani ya kifuko kukasikika kucha zikikwaruza, polepole, kisha kwa haraka, na alipokata uzi wa kwanza nywele zikaanza kutoka, mbichi, nyingi kuliko zilizotiwa, zikamzunguka kidole, zikapanda kiganja, na koo likazidi kubana hata akaona giza, mpaka mganga alipozibana kwa kitambaa akasoma dua kwa sauti ya chini.

Pumzi ikarudi. Mganga na wifi wakatoka upesi kwenda kuzizika. Fundi akajipapasa: uvimbe umekwisha, hakuna kinachowasha. Akalia kwa furaha. Akakaanga mayai, akala yote, akaketi mlangoni kumsubiri mumewe ampe habari njema.

Mume akaja, akasimama kwa heshima hatua chache kutoka kwake.

"Karibu, dada," alisema. "Unamsubiri mke wangu?"