Namba Iliyobaki kwa Khathu

Foleni ya watu wa kugongewa fomu mihuri katika kituo cha polisi cha Thohoyandou, Afrika Kusini, ilikuwa imefika langoni. Muofhe alisimama na sketi yake ya mistari ya Kivenda, kiatu kimoja kimekatika mkanda. Asubuhi hiyo vibaka walikuwa wamempora mkoba, na kitambulisho na simu ndani.

"Ndaa," kijana wa mbele yake alimwamkia, akiinama kidogo.

"Aa," alijibu kama wanawake wa huko wanavyojibu, kwa mkato.

"Umelia?"

"Ni jua."

"Jua gani linalowaka machoni tu?"

Muofhe alicheka bila kutaka. Fomu yake ilikuwa ya kuweka onyo la utapeli kwenye jina lake, ili mtu akija kukopa kwa kitambulisho chake, benki ipige simu kwanza kuhakikisha. Lakini ilitaka namba, naye hakuwa na simu.

"Weka yangu," kijana alisema. "Khathu. Fundi breki."

"Ujanja huo wa kunipata!"

"Umefaulu?"

Ulifaulu. Walipendana mwaka mzima na nusu, na hakuna aliyeikumbuka ile fomu. Kisha Jumamosi moja Khathu alimwona Muofhe akishuka kwenye gari jeupe la mwanamume mwenye tai, anacheka.

"Nani yule?"

"Mambo yangu, Khathu. Nitakuambia."

Hakungoja kuambiwa. Alimtukana mbele ya watu, akaondoka.

Miezi miwili baadaye simu yake iliita gereji. Ilikuwa benki. Muofhe ameomba mkopo wa nyumba, jina lake lina onyo, namba ya kuhakikisha ni hii. Yupo karibu?

Khathu aliikumbuka ile tai.

"Hajaomba mkopo wowote," alisema. "Huyo ni tapeli."

Kesho yake Muofhe alifika na aproni ya kiwanda cha mikate, unga hadi kwenye nyusi. Hakukuwa na salamu.

"Toka chini ya hilo gari kabla sijaangusha jeki."

Khathu alitoka.

"Ombi langu limefungwa. Faili langu limeandikwa jaribio la utapeli, na kila benki nitakayokwenda italiona. Muuzaji ananisubiri hadi Ijumaa tu!"

"Mwenye tai akukopeshe."

"Mwenye tai ni dalali wa nyumba, mpumbavu wewe!"

Khathu alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama yako alisema, kwenye ule msiba wa kwenu, kwamba nimekuja kukunyonya. Nilitaka nyumba yenye jina langu. Halafu nikukaribishe."

"Na namba? Mbona hukuibadilisha?"

"Niliisahau. Ilikuwa kwa mtu niliyemwamini, haikunipa wasiwasi."

Walirudi kituoni, kila mmoja upande wake wa barabara. Khathu aliapa kwa maandishi kwamba alidanganya. Askari wa kike alisoma kwa sauti, "...kwa sababu ya wivu," na foleni nzima ikaangua kicheko. Khathu alitazama viatu vyake. Muofhe hakumwonea huruma.

Benki, karani alikichukua kiapo akaeleza taratibu: onyo lenyewe halimnyimi mtu mkopo, linamchelewesha tu hadi wapige simu. Kilichomnyima ni jibu lile. Watalifuta, wataanza upya, na watapiga tena.

"Tuandikie namba yako. Na ya pili, usipopatikana."

Muofhe aliandika yake. Akakaa na kalamu. Kisha akasukuma fomu upande wa Khathu.

"Andika. Ukidanganya tena, nitakuzika na jeki yako."

"Ndaa," Khathu alisema kwa sauti ya chini, akiinama.

Muofhe alichukua mkoba, akatoka bila kujibu.

Ijumaa, saa tisa, simu ya Muofhe ilikuwa kabatini kiwandani, yeye yuko kwenye majiko ya mikate. Simu ya Khathu ikaita.

"Unamfahamu Muofhe?"

"Namfahamu. Ndiye aliyeomba. Msikate, nampelekea!"

Alikimbia na ovaroli lake la grisi, akapita kati ya wauza parachichi wakimzomea, akaingia kiwandani kwa mlango wa kupokelea unga. Alimpa simu, anahema.

Muofhe alisikiliza. "Ndiyo, ni mimi. Ndiyo, nimeomba mwenyewe." Akahamishia simu sikio la pili. "Mkopo umepita leo? Asante."

Alifuta alama ya grisi kwenye simu kwa aproni, akamrudishia.

"Ndaa," Khathu alisema.

Muofhe alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni, bado amekasirika.

"Aa," alisema.