Alama ya Ishirini na Tatu

Haya hayakumpata mtu baki. Ni mdogo wangu wa tumbo moja, na sehemu yangu katika mkosi huu nitaisema mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayeisema.

Tangu utotoni tulimwita Sabuni, kwa kuwa hakuweza kuona doa akaliacha. Akakua, akapata kazi ya kumfaa, kuchapa picha kwenye mabati ya alumini ya kupambia kuta. Mteja analeta picha, Sabuni anaipitisha kwenye skana, anaisafisha kwenye kompyuta, kisha mashine ya joto inaigandisha kwenye bati. Siku hizo zilizokuwa zikitoka sana ni ramani za vita vya zamani. Watu wanapenda vita juu ya kochi, alimradi vimekwisha na rangi zinaendana na mapazia.

Asubuhi moja akaja bibi mmoja na ramani ya vita vya kando ya mto, iliyochorwa na marehemu baba yake, mpima ardhi. Karatasi ilikuwa imechakaa, ikachanika vipande ndani ya skana. Sabuni hakushtuka sana, picha ilikuwa imeshaingia. Akakaa kuisafisha. Mikunjo, akafuta. Madoa ya chai, akafuta. Kwenye kingo za mto kulikuwa na vialama vya msalaba vya wino, vimetapakaa bila mpango. Akavifuta kimoja kimoja, akahifadhi kazi yake juu ya ile picha ya kwanza, nayo ikapotea. Ilitoka nzuri mno, akachapa mbili: moja ya bibi, moja ya sebuleni kwake.

Bibi alipofuata yake aliitazama kwa muda mrefu.

"Umewapeleka wapi?" akauliza.

"Akina nani, bibi?"

"Waliolala hapa. Baba alipita baada ya vita, akatia alama kila palipofukiwa mtu. Hawakuwa na kingine cha kuwaonyesha mahali pao."

Sabuni aliomba radhi hadi jasho likamtoka. Bibi aliliacha bati mezani, akaondoka, na hatukumwona tena. Mimi nilipohadithiwa nilicheka. Nikasema maiti wa miaka yote hiyo wana haja gani na ramani, wanasafiri? Mdomo wangu hauna breki.

Jumamosi mchana wifi yangu alipiga deki sebule yao. Jua kali, madirisha wazi. Sakafu ikakauka yote isipokuwa sehemu moja chini ya lile bati, urefu wa mtu mzima, upana wa mabega. Wifi akaifuta kwa kitambaa. Kitambaa kikatoka kikavu.

Jumapili sehemu hizo zilikuwa nne. Jumatatu zilijaa hadi koridoni, ubavu kwa ubavu. Walilitoa bati wakalifungia stoo, hazikupungua. Wakahamia kwangu. Alasiri ile ile kwao kukakauka, na sakafu yangu ikaloa. Nilizihesabu nikiwa nimesimama juu ya kiti. Ishirini na mbili. Siku hiyo sikucheka.

Sasa, wana binti mmoja tu, wa miaka sita. Tulimwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake. Chiriku akanyamaza. Akawa anapita kwa ncha za vidole.

"Shangazi, usiwakanyage," akaninong'oneza. "Wamechoka."

"Wamekuambia wao?"

"Wanauliza kwao ni wapi."

Kila mchana alijilaza kati yao, mikono ubavuni. Kila mchana tulichukua muda mrefu zaidi kumwamsha. Mwili wake ulikuwa wa baridi kama sakafu yenyewe. Daktari alikuja, akampima, akampima tena, hakuona kitu. Wifi aliacha kula. Nilijua tunampoteza yule mtoto, na nilijua kwamba sote watatu tunajua.

Siku ya tano tangu wahamie, Sabuni alilitoa lile bati stoo kwake, akaliweka juu ya meza yangu, na nyundo, na msumari.

"Dada, sikumbuki alama zilikuwa wapi."

"Weka popote kando ya mto. Wamechoka hao, watalala tu."

Akagonga alama ya kwanza. Karibu na mlango, sehemu moja ikakauka mbele ya macho yetu. Akagonga ya pili. Ya tatu. Alipofika ya ishirini na mbili, sakafu yote ilikuwa kavu.

Chiriku akajiinua. Akaomba maji. Akaanza kutusimulia habari za viatu vyake vya shule, maneno yakimtoka mfululizo kama zamani, na mama yake akawa anacheka huku analia.

Laiti ningenyamaza hapo.

"Zilikuwa ishirini na mbili, una hakika?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Ishirini na mbili. Au tatu. Sikuzihesabu nilipokuwa nafuta."

"Basi ongeza moja."

"Dada, si sakafu imekauka?"

"Ongeza. Kama kuna aliyechelewa, akute pake. Ikizidi haimdhuru mtu."

Mimi ni mkubwa wake. Hajazoea kunibishia. Akaweka msumari, akagonga.

Chiriku alikatiza neno katikati. Akageuka kutazama mlango.

"Mama," akasema taratibu, "wanasema imebaki nafasi moja."

Mama yake akamkumbatia. Akalala kifuani pake. Tulimwita. Tulimmwagia maji. Tulimtikisa. Sabuni alirudi kwenye bati, akapiga ile alama kwa nyundo, akaikwangua kwa kisu, kwa kucha, hadi vidole vikatoka damu. Alama ya msumari haifutiki.

Mimi ndiye niliyemwosha, nikamwomba mama yake abaki nje. Kwa siku tano mtoto hakuwa ametoka nyumbani kwangu, na mji wetu hauna mto. Miguu yake ilikuwa na tope la kijivu hadi magotini, tope bichi. Na kwenye mkono wa kulia tope hilo lilikuwa limeacha vidole vya mtu mzima, vinne upande mmoja, gumba upande wa pili. Havikuwa vimebana. Aliyemshika alimshika taratibu, vile unavyomshika mtoto mkivuka barabara.

Nilimwosha nikamaliza. Nikamfunika, nikatoka, nikamwambia wifi yangu kwamba yuko tayari.