Bisha Hodi Kwangu

Asubuhi ile ukumbi wa mapokezi ulijaa watu tele. Mfumo mmoja wa kompyuta unaoendesha kampuni nzima ulikuwa umelala: ombi moja la likizo lilikwama, likaangusha na mauzo na ghala. Fundi wa mifumo, gauni la njano na miwani kichwani, alikuwa akipenya umati alipogongana na mkuu wa ghala, pande la mtu ndani ya kizibao cha kung'aa.

"Dada, malori yangu ishirini yamesimama kisa mtu ameomba likizo?"

"Ndiyo maana nataka kuuvunja huu mfumo," alijibu bila kurudi nyuma. "Kila kitengo kiwe na huduma yake, yaani mfumo wake mdogo, kijitegemee. Ghala likitaka kitu kwa mauzo, liombe mlangoni, kwa utaratibu tuliokubaliana. Hakuna kuingia chumbani kwa mwenzio kujichotea."

"Na nisipofunguliwa?"

"Utangoja, kaka. Hufi."

Yule bwana akaangua kicheko. Fundi alikipenda kicheko kile, akajikasirikia kwa kukipenda.

Wakubwa walisema hataweza. Akakaza buti. Miezi mitatu wakafanya kazi bega kwa bega, na simu haziishi.

"Umekula, mrembo?"

"Nitumie kwanza orodha ya maombi ya ghala, ndipo unibembeleze."

Kisha siku moja fundi akapigiwa simu na dada yake. "Mkuu wako wa ghala katoka hapa sasa hivi. Kauliza kama una mtu, na kama utakubali kuolewa naye."

Damu ikamchemka. Akampigia papo hapo.

"Umekwenda kwa dada yangu?"

"Niliogopa utanikatalia, mpenzi."

"Kwa hiyo ukapitia dirishani! Jibu langu ninalo mimi, si dada, si mtu mwingine."

Akakata simu. Wiki mbili hakupokea tena. Alimkumbuka kila siku, lakini kuinama hakuinama.

Jumatatu, huduma ya likizo ikaanguka tena. Safari hii ghala lilikuwa na huduma yake, na malori yakatoka, moja baada ya jingine. Fundi aliyatazama kutoka dirishani huku machozi ya furaha yakimtoka, na wakubwa waliosema hataweza wakiyahesabu.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mkuu wa ghala alisimama kizingitini, shati limenyooshwa, hatii mguu ndani.

"Hodi."

Fundi, aliyekwisha kurudi mezani, hakuinua macho.

"Nani?"

"Mimi. Nina ombi moja, nimelileta kwa mwenye jibu. Nikuoe?"

Akamwacha angoje. Akamaliza mstari aliokuwa akiuandika, akavua miwani.

"Tuoane," alisema. "Haya, karibu ndani."