Dada Nisiye Naye

“Nduta, funga dirisha. Tumeambiwa pale getini.”

“Nataka hewa.”

“Hewa ya nyati? Funga, tafadhali.”

Nikafunga. Baada ya muda mfupi nikafungua tena. Tangu tuingie Mbuga ya Aberdare asubuhi ile sikuwa nimetulia. Ukungu ulilala juu ya mianzi, nyani walikaa barabarani kama wenye shamba, na mimi niliwaza kiti cha nyuma tu. Kilikuwa kitupu. Watiri, binti yangu wa miaka minne, alikuwa amebaki Wamagana kwa mama yangu akilia, kwa sababu Mutahi alisema safari hii ni ya wawili.

“Angefurahi kuona hawa nyani,” nikasema.

“Tutamleta siku nyingine, babe. Jumamosi watu wetu wanakuja kwenu kujitambulisha. Nilitaka tupumzike kabla kelele hazijaanza.”

“Kila mara ni siku nyingine. Hata kwenu hujawahi kumpeleka.”

Alibadilisha gia.

Nilimpenda Mutahi tangu siku alipokutana na Watiri, akapiga magoti kwenye vumbi na kumfungia kamba za viatu bila kuombwa. Nikaamini hapo ndipo nyumbani.

Gari likafika juu ya kilima na mtandao ukarudi. Simu yake ikaita kwenye spika za gari. Akapokea.

“Mutahi! Nimekupigia tangu asubuhi. Ati mko wapi?”

“Mbugani, Mum. Niko na Nduta.”

“Wasalimieni simba. Nduta, mwari, binti yangu, uko sawa?”

“Niko sawa, Mum.”

“Jumamosi nataka kuona yule mtoto wa kwa picha. Mtoto wa dada yako. Nimemfumia sweta na sijui kama itamtosha. Ako na miaka ngapi?”

Sina dada. Kwetu tumezaliwa mimi na kaka wawili.

“Minne,” nikasema. Simu ikakatika.

“Simamisha gari.”

“Nduta, nisikize...”

“Simamisha!”

Alisimamisha, lakini si kwa sababu yangu. Nyati dume alikuwa katikati ya barabara, matope hadi mgongoni, akitafuna bila haraka. Nilishika mlango. Mutahi akaufunga kwa swichi ya upande wake.

“Fungua. Nitarudi kwa miguu.”

“Akuue?”

“Afadhali yeye. Ananitazama usoni.”

Simu yake ikalia tena. Ujumbe. Nikamsomea kwa sauti: “Imekatika. Sweta ni ya manjano. Uliza Nduta kama dada yake anapenda hiyo rangi.”

“Haya, Mutahi. Dada yangu anapenda manjano?”

“Niliogopa.”

“Uliogopa nini? Mtoto?”

“Jina.” Alishika usukani kwa mikono miwili. “Kwetu ni wavulana watupu. Kila Krismasi Mum anasema anangoja binti yangu wa kwanza aitwe jina lake, kama desturi yetu. Siku alipoona picha ya Watiri, nikaona akijua niko na binti tayari, na ameitwa jina la mama yako, atasema nafasi yake imechukuliwa. Ulimi ukateleza.”

“Haukuteleza. Uliniumbia dada mzima!”

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

“Jumamosi Watiri ataniita Mami mbele ya watu wenu wote. Ama ulitaka nimfundishe aniite anti?”

Akainamisha kichwa. Nje, nyati akakoroma na kukaza miguu yake palepale.

“Mpigie,” nikasema.

“Tukifika nyumbani nitakaa naye chini...”

“Hapa. Mtandao uko, na huyu mzee hana haraka. La sivyo, Jumamosi mama yangu asipike.”

Alibonyeza mara mbili kabla kidole hakijapata jina.

“Mum, Nduta hana dada. Yule mtoto ni wake. Na kama ni wake, ni wangu. Nilikudanganya.”

Spika zikakwaruza. Nikadhani imekatika tena.

“Anaitwa nani?”

“Watiri.”

“Jina la mama ya Nduta?”

“Ndiyo.”

“Basi langu bado liko, litamngoja atakayefuata.” Akavuta pumzi. “Lakini wewe! Unamfanya mtoto mgeni kwa mama yake mzazi? Hivyo ndivyo nilikulea? Nduta ananisikia?”

“Nakusikia, Mum.”

“Mwari, usimsamehe leo. Mwache akae hivyo hadi Jumamosi. Na uniambie ukweli, anapenda manjano?”

“Anapenda, Mum. Sana.”

Nyati hakuondoka. Ilibidi Mutahi arudi kinyumenyume hadi mahali pa kugeuzia gari.

“Umenisamehe?”

“Mama yako amekataza.”

Jumamosi, mama yake Mutahi aliwapita wote waliojipanga kumsalimu, akachutama mbele ya Watiri na kumvalisha sweta. Mikono ilimeza vidole vyake.

“Mimi ni shosho, nyanya yako mwingine.”

“Shosho, wewe ndio uliona nyati?”

“Si mimi. Ni hawa wawili.”

Watiri akamgeukia Mutahi. “Na mimi je?”

Mutahi akapiga magoti kwenye vumbi, na suti yake mpya, akamkunjia mikono ya sweta taratibu.

“Kesho baada ya kanisa. Kiti cha nyuma ni chako.”

Watiri akamshika shingo. Mutahi akaniangalia juu ya bega lake, hakuthubutu kuuliza.

Nikamkubalia kwa kichwa. Siku aliyonipa mama yake ilikuwa imefika.